Orodha inayomnasa kila mtoto: tuusome upya mwongozo wa mzio wa maziwa

Mwaka 2013 kikundi kidogo cha madaktari na wataalamu wa lishe nchini Uingereza kilitoa mwongozo wa kumsaidia daktari wa kawaida, yule ambaye si bingwa wa mzio, kumtambua mtoto mchanga mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Wakauita MAP. Mwaka 2017 waliungana na wenzao wa mabara mengine, akiwemo daktari wa Afrika Kusini, wakautoa upya kama mwongozo wa kimataifa kwa jina la iMAP. Mwaka 2019 ukarekebishwa tena. Ni kurasa chache tu zenye visanduku na mishale. Lakini kama umewahi kuambiwa "huyu mtoto maziwa yanamkataa, yaache" kwa sababu ana gesi, analia usiku na ana vipele mashavuni, basi umeshakutana na fikra iliyomo kwenye kurasa hizo, hata kama aliyekuambia hajawahi kuziona.

Nataka tuusome mwongozo huu pamoja, kwa jicho kali kidogo. Si kwamba mzio wa maziwa ni hadithi ya kutunga. Upo, na ukiwa wa aina mbaya unaweza kuua. Shida yangu ni umri wa wanaohusika: watoto walio chini ya mwaka mmoja, hasa wale wa miezi 6 hadi 12 wanaoanza kula. Kwa watoto hawa, kuondolewa chakula kimoja si jambo dogo.

Tuanze na yaliyo wazi. Mzio, au aleji kama tunavyosema mtaani, hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kama adui. Kwenye maziwa ya ng'ombe protini zinazosumbua zaidi ni kasini na beta-laktoglobulini. Kuna mzio wa haraka, unaoendeshwa na kingamwili ziitwazo IgE: mtoto anakula, na ndani ya dakika chache hadi saa 2 hivi anatoka mabaka yanayowasha, anavimba midomo au macho, anatapika, au anapumua kwa shida. Huo unajieleza wenyewe, na kuna vipimo vya ngozi na damu vya kumsaidia daktari. Halafu kuna mzio wa kuchelewa, usiotumia IgE, ambao dalili zake huja baada ya saa kadhaa au hata siku 2 au 3, nyingi zikiwa za tumbo na ngozi. Huu wa pili hauna kipimo cha damu. Hauna kabisa. (Vile vipimo vya IgG vinavyotangazwa kwamba vitakuonyesha vyakula "visivyopatana na mwili wako" havipimi mzio, kingamwili hizo zinaonyesha tu kwamba chakula hicho umewahi kukila. Wataalamu wa mzio wa Ulaya walishasema tangu 2008 visitumike kwa kazi hiyo.) iMAP imejikita kwenye aina hii ya pili, na kwa kuwa hakuna kipimo, mlango wa kuingilia ni orodha ya dalili.

Sasa isome orodha yenyewe. Kwa mzio wa kuchelewa ulio mwepesi hadi wa kati, mwongozo unamtaka daktari aufikirie mzio akiona mambo kama haya: mtoto analia sana bila sababu inayoonekana, anacheua au kutapika, anakataa kula, anapata choo laini au cha mara kwa mara, au kinyume chake anapata choo kwa shida, tumbo linamsumbua, anatoa gesi kwa maumivu, ana kamasi au damu kwenye choo ingawa mwenyewe ni mzima, ngozi inamwasha, ana wekundu au vipele visivyoeleweka, ana ukurutu usioisha. Mwongozo unaongeza kwamba kwa kawaida dalili huwa zaidi ya moja.

Hebu nitajie mtoto wa miezi 4 ambaye hajawahi kuwa na mbili kati ya hizo.

Swali hili si la utani, kwa sababu limejibiwa kwa takwimu. Pale London kulikuwa na utafiti uitwao EAT, uliowafuatilia watoto 1,303 walioanza wakiwa na umri wa miezi 3, wote wakinyonya maziwa ya mama pekee. Lengo lake lilikuwa jingine: kuona kama kuwaanzishia watoto mapema vyakula vinavyosababisha mzio, maziwa yakiwemo, kunawakinga. Lakini wazazi walikuwa wakijaza fomu za dalili kila mwezi, na mwaka 2022 watafiti walizichukua fomu hizo wakaziweka juu ya orodha ya iMAP, kama vile unavyoweka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya ramani. Kwa wastani, kila mwezi robo ya watoto walikuwa na dalili 2 au zaidi za kundi jepesi. Na kati ya miezi 3 na 12, watoto 74 katika kila 100 walitimiza sifa hiyo angalau mwezi mmoja.

Kwa upande mwingine, ni watoto wangapi wana mzio wa maziwa kwelikweli, ule uliothibitishwa kwa kumpa mtoto maziwa chini ya uangalizi na kuona kinachotokea? Karibu 1 katika 100. Utafiti wa EuroPrevall, uliokusanya zaidi ya watoto 12,000 katika nchi 9 za Ulaya tangu kuzaliwa, ulipata nusu ya hapo, asilimia 0.54. Humo walioshukiwa walikuwa 358 na waliothibitishwa 55. Si wote walioshukiwa waliofika hadi kwenye jaribio, kwa hiyo usizichukulie namba hizo mbili kama mizani kamili, lakini pengo lenyewe linaonekana kwa macho.

Tupige hesabu ya watoto 1,000. Wenye mzio, tuwe wakarimu, ni 10. Orodha kwa mwezi mmoja tu inawanyooshea kidole 250. Hata tukikubali kwamba haimkosi hata mmoja kati ya wale 10, bado 240 wanabaki wakishukiwa bure. Ukiongeza miezi hadi mwaka utimie, wanaoguswa na orodha wanafika 740. Chombo cha namna hii hakitambui ugonjwa, kinatambua utoto.

Kuna jambo lingine kwenye fomu zile ambalo, ukiniuliza mimi, ndilo zito zaidi. Dalili zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote pale watoto walipokuwa na miezi 3, ambapo asilimia 38 walikuwa na dalili 2 au zaidi. Miezi 3 ni pale mwanzoni, wakati watoto hawa wananyonya tu na hawajaanza kupewa maziwa ya ng'ombe moja kwa moja. Yaani fujo ilifika kileleni kabla mtuhumiwa hajaingia nyumbani. Na walipofika miezi 6, wale waliokwisha kuanza maziwa ya ng'ombe na wale ambao bado hawakutofautiana kwa dalili kwa kiasi cha maana.

Utasema: lakini si protini za maziwa anayokunywa mama hupita kwenye ziwa? Hupita, ila kwa chembe ndogo mno. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la JAMA Pediatrics yalikadiria kwamba hata kwa mtoto mwenye mzio uliothibitishwa, kiasi cha beta-laktoglobulini kwenye maziwa ya mama hakitoshi kuamsha mzio kwa zaidi ya asilimia 99 ya watoto wanaonyonya tu. Pamoja na hayo, miongozo 7 kati ya 9 waliyoipitia ilikuwa inashauri mama aache kabisa maziwa pale mtoto anayenyonya anapokuwa na dalili hizi za kawaida.

Tuutendee haki mwongozo, maana una mazuri yake. Zuri la kwanza ni kwamba hauchanganyi makundi. Mtoto aliyevimba uso, aliyetoka mabaka mwili mzima au aliyebanwa kifua baada ya kula hapelekwi kwenye majaribio ya nyumbani. Anapelekwa hospitali, na safari nyingine yoyote ya kumpa maziwa inafanyika mbele ya wataalamu. Vivyo hivyo mtoto anayetapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, akapauka na kulegea kama nguo iliyoloa. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi FPIES, mara nyingi hujitokeza wakati huu huu wa kuanza kula, na haisababishwi na maziwa tu. Mchele nao ni miongoni mwa vichochezi vyake vinavyojulikana sana. Mtu akifikiria uji wa mchele kuwa chakula salama kuliko vyote anaweza asiutilie shaka kabisa. Kama mtoto wako amewahi kupata mojawapo ya hali hizi mbili, yote nitakayosema hapa chini kuhusu kujaribu nyumbani hayakuhusu.

Zuri la pili ni kwamba mwongozo hausemi orodha ni hukumu. Unasema wazi: ondoa maziwa kwa wiki 2 hadi 4, angalia kama dalili zinapungua, halafu yarudishe. Dalili zikirudi, ndipo unaweza kusema mtoto ana mzio. Zisiporudi, hakuna mzio, mtoto aendelee kula kama wenzake. Kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya jaribio la maabara, hatua hiyo ya kurudisha ndiyo sayansi yenyewe. Kuondoa peke yake hakuthibitishi kitu, kwa sababu mtoto mchanga habaki vile vile kwa wiki 4. Kilio cha chango hupungua chenyewe miezi ya 3 na 4. Kucheua hupungua mtoto anapojifunza kukaa. Na mzazi huchukua hatua pale hali inapokuwa mbaya kabisa, yaani wakati ambapo, kwa vyovyote, kinachofuata mara nyingi ni nafuu. Ukiondoa maziwa siku hiyo, maziwa yatabeba lawama. Ukimbadilishia shuka siku hiyo, shuka itapata sifa.

Sasa udhaifu wa mwongozo uko wapi? Uko hapa: umeweka mlango wa kuingilia mpana kama lango la soko na mlango wa kutokea mwembamba, kisha ukategemea watu watapita yote miwili. Hebu jiweke mahali pa mama aliyekesha miezi miwili. Ameacha maziwa, mtoto analala. Wiki ya 4 anaambiwa amrudishie kile kile anachoamini kilimtesa mwanawe. Nani atakubali? Nyanya yupo, jirani yupo, wote wanasema mtoto keshapona, mnachokoza nini? Na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana muda wa kubishana na mtu ambaye ameshapata nafuu. Jaribio linaishia nusu, na nusu ile inaandikwa kwenye kumbukumbu za mtoto kama ugonjwa. Mwongozo uliojengwa juu ya hatua ambayo binadamu wana kila sababu ya kuiruka ulipaswa angalau kubana mlango wa kwanza.

Na hapo bado hatujafika kwenye sahani ya mtoto wa huku kwetu.

Mwongozo unamfikiria mtoto aliyezaliwa na kukulia kwenye vyakula vya Ulaya, anayepewa kitu kimoja kimoja kwa kijiko: leo karoti, kesho viazi. Wetu wengi wanaanza na uji, na mara nyingi ni uji wa lishe. Fungua mfuko wa unga huo usome kilichomo: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, pengine ngano, na kwa wengine dagaa waliosagwa. Halafu unapikwa, na mwishoni unaongezewa maziwa "ili mtoto apate nguvu". Mtoto akitoka vipele kesho yake, maziwa ndiyo yanayokamatwa, kwa sababu ndiyo yaliyotiwa kwa macho na ndiyo yenye jina. Kumbe kwenye kikombe kile kulikuwa na karanga, soya, ngano na samaki, wote wakiwa kwenye ile orodha fupi ya vyakula vinavyoongoza kwa mzio duniani. Umewahoji mashahidi sita kwa pamoja ukamfunga aliyekaa mbele. Kama kuna ushauri mmoja wa kutenda nitakaoutoa humu, ni huu: wiki za kwanza tumia unga wa nafaka moja, ongeza kipya kimoja, kaa siku chache, ndipo uongeze kingine. Karanga na mayai visiachwe; viletwe, ila kila kimoja kwa zamu yake, na karanga ziwe zimesagwa laini.

Umri wenyewe nao ni wakati wa fujo. Miezi 6 ndipo Shirika la Afya Duniani linaposhauri mtoto aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Ndipo pia anapoanza kutambaa na kuokota kila kitu na kukitia mdomoni. Ndipo kikombe, kijiko, maji na mikono ya watu vinapoingia kwenye njia ya chakula chake, pamoja na vijidudu vyao. Kuharisha kwa wakati huu kuna maelezo mengi ya kawaida kabla hujafika kwenye kinga ya mwili. Hata wekundu kuzunguka mdomo baada ya kula nyanya au chungwa mara nyingi ni ngozi laini kuungua kidogo kwa asidi na mate, wala si mzio.

Hapa kuna mkanganyiko mwingine unaostahili aya yake: laktosi. Watu wengi wazima wa eneo letu wakinywa maziwa tumbo linajaa gesi, kwa sababu kimeng'enya cha kuisaga sukari ya maziwa hupungua baada ya utoto. Sarah Tishkoff na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2007 uliochunguza watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba baadhi ya jamii zetu, hasa za wafugaji, zina mabadiliko ya vinasaba yanayokifanya kimeng'enya hicho kiendelee kufanya kazi ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu wa kaskazini. Ni utafiti mzuri sana, tutauandikia siku yake. Lakini haumhusu mtoto wa miezi 7. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na karibu kila mtoto anazaliwa akiwa na uwezo wa kuisaga. Kwa hiyo kwamba mjomba akinywa maziwa anakosa amani hakuthibitishi chochote kuhusu mpwa wake. Kinachoweza kutokea ni upungufu wa muda: mtoto akiharisha vibaya, utumbo huchubuka na kupoteza kimeng'enya kwa siku au wiki chache, halafu unarudi hali yake.

Na kwa kuwa mzio unahusu protini, si sukari, tiba za mtaani nyingi haziugusi. Maziwa yasiyo na laktosi yana protini zote. Mtindi umepungukiwa laktosi kwa kugandishwa, lakini protini ziko pale pale. Kuchemsha hupunguza makali ya beta-laktoglobulini, ila kasini haijali moto wa sufuria. Maziwa ya mbuzi, ambayo watu huyakimbilia, yana protini zinazofanana na za ng'ombe kiasi kwamba watoto wengi mno wenye mzio wa moja huwa na mzio wa nyingine. Maziwa ya kopo ya kawaida ni ya ng'ombe. Tui la nazi ni tamu kwenye uji na lina mafuta ya kumtosha mtu, lakini halina protini wala kalsiamu ya kuziba pengo.

Pengo hilo ndilo linalonifanya nisiuone mwongozo huu kama kosa dogo la kitaalamu. Mtoto wa miezi 8 ana tumbo dogo na anahitaji nguvu nyingi kwa kila kijiko. Katika nyumba ambayo nyama haionekani kila wiki, maziwa ndiyo protini bora, kalsiamu, vitamini B12 na sehemu ya nishati. Ukiyaondoa bila mbadala, unaondoa nusu ya jedwali la lishe. Maziwa maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa, ambayo mwongozo unayataja kana kwamba yapo kwenye kila rafu, ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi. Mama naye akiambiwa aache maziwa ili amnyonyeshe, mara nyingi anaacha ile chai ya maziwa ambayo ndiyo maziwa pekee aliyokuwa akipata. Na akishindwa, anaanza kuamini kwamba titi lake ndilo sumu, anaachisha. Hasara hiyo haionekani kwenye kisanduku chochote cha mwongozo.

Tena kuondoa chakula si jambo lisilo na athari kwa kinga yenyewe. Mwaka 2015 utafiti wa LEAP ulionyesha kwamba kati ya watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, walioepushwa na karanga walipata mzio wa karanga kwa asilimia 17.2 walipofika miaka 5, na waliolishwa karanga tangu utotoni kwa asilimia 3.2. Karanga si maziwa, najua. Lakini madaktari wameripoti pia watoto wenye ukurutu waliokuwa wakinywa maziwa bila shida ya haraka, wakanyimwa kwa muda ili kutibu ngozi, na waliporudishiwa wakapata mzio wa haraka. Ndiyo maana mtoto mwenye ukurutu aliyekaa muda mrefu bila maziwa asirudishiwe kienyeji. Aonwe na daktari kwanza.

Tufike kwenye fedha, maana lazima tufike. Desemba 2018 daktari Chris van Tulleken aliandika kwenye jarida la BMJ kwamba kati ya 2006 na 2016, maziwa maalumu ya watoto wenye mzio yaliyoandikwa na madaktari wa Uingereza yalipanda kutoka mara 105,029 kwa mwaka hadi zaidi ya 600,000, na gharama kwa mfuko wa afya kutoka pauni milioni 8.1 hadi zaidi ya milioni 60. Hakukuwa na ushahidi kwamba mzio wenyewe uliongezeka kwa kasi hiyo. Yale mapitio ya 2020 niliyoyataja yalikuta kwamba miongozo 3 kati ya 9 iligharimiwa moja kwa moja na watengenezaji wa maziwa ya kopo au washauri wao wa biashara, na asilimia 81 ya waandishi wote wa miongozo hiyo walitangaza maslahi ya kifedha na watengenezaji hao. Waandishi wengi wa iMAP walikuwa miongoni mwao, na walilisema wenyewe mwishoni mwa makala yao, kama taratibu zinavyotaka.

Sidhani kuna mtu alikaa chumbani akapanga kuwadanganya akina mama. Wengi wa madaktari hawa wameona watoto waliocheleweshewa utambuzi hadi wakadhoofu, na waliandika wakiwakumbuka hao. Bingwa wa mzio huona wenye mzio siku nzima. Wale 240 hawafiki kliniki kwake. Ila mtu mwenye nia njema anayelipwa na mwenye bidhaa anaona upande mmoja wa kosa kwa urahisi kuliko mwingine. Na sisi tuna sababu ya kuwa macho zaidi. Kenya ina sheria tangu 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, na dunia ina kanuni za masoko ya bidhaa hizo tangu 1981. Zote zinabana tangazo. Hazibani fasili ya ugonjwa. Ukipanua ugonjwa hadi ukaenea kwa robo ya watoto, huhitaji tena bango barabarani.

Limebaki jambo la ngazi. iMAP inakuja na "ngazi ya maziwa", utaratibu wa kumrudishia mtoto maziwa polepole: biskuti, kisha keki ndogo, chapati za maji, jibini, mtindi, mwisho maziwa yenyewe. Wazo ni zuri. Maziwa yaliyookwa ndani ya unga wa ngano kwa joto kali hubadilika umbo na kufungamana na unga, kwa hiyo kinga huyashtukia kidogo. Na habari njema ni kwamba mzio huu huisha: kwenye EuroPrevall, watoto 22 kati ya 32 waliochunguzwa tena mwaka mmoja baadaye walikuwa wanastahimili maziwa, wakiwemo wote wa mzio usio wa IgE. Lakini ngazi inadhani kuna oveni jikoni na jibini dukani. Mtu asiye navyo atabuni: atasema andazi ni kama keki, uji wa maziwa ni kama chapati za maji. Si hivyo. Maziwa yaliyotiwa kwenye uji yamechemka tu, hayajaokwa wala kufungwa na unga mkavu, na kwa kinga ya mtoto yako karibu zaidi na ngazi ya juu kuliko ya chini.

Marekebisho ya 2019 yalitilia mkazo zaidi kunyonyesha, na hilo lisidharauliwe. Orodha ya dalili, kwa kiini chake, ilibaki. Toleo lijalo ningependa liwe na ukurasa mmoja kwa mtoto anayeanza na uji: unga gani kwanza, maziwa yaingie siku ya ngapi na kwa kijiko kingapi, mama aandike nini nyuma ya kadi ya kliniki (tarehe, chakula, saa aliyokula, saa dalili zilipoanza), na tarehe ya kuyarudisha maziwa iandikwe na nesi siku ile ile yanapoondolewa, kabla nafuu haijaja.